Rangi nyekundu chini ya fangasi wa kahawa: nitaipataje jeni inayoitengeneza?

*Swali:* Shikamoo mwalimu. Nasoma shahada ya uzamili hapa Arusha na utafiti wangu unahusu madoa ya majani ya kahawa. Majani niliyachuma kwenye vihamba vya Kibosho na Machame, mengine kwenye vitalu vya miche pembeni mwa Moshi mjini. Fangasi niliyemtoa kwenye madoa nadhani ni Cercospora coffeicola. Sahani zilizokaa karibu na dirisha zimekuwa nyekundu chini ya fangasi, zile za kabatini zimebaki kijivu. Msimamizi wangu anataka nitambue jeni zinazotengeneza rangi hiyo. Mwenzangu anayejua mambo ya kompyuta anasema nisome jenomu, yaani DNA yote ya fangasi, niiingize kwenye programu, kazi imekwisha. Hela niliyo nayo inatosha kusoma jenomu chache tu. Nianzie wapi, na nitajuaje kwamba jeni nitakayoipata ndiyo yenyewe?

*Jibu:* Marahaba. Mwenzako amekuambia nusu ya habari, tena ile nusu nyepesi. Programu itakuonyesha jeni zinazoweza kuhusika. Kuthibitisha kwamba zinahusika kweli ni kazi ya maabara, ya sahani na pipeti, na hiyo ndiyo itakayokula muda wako. Nitakueleza kwa mpangilio ambao ningeufuata mimi kama mfuko wangu ungekuwa mwepesi kama wako. Naanza na jambo ambalo hukuuliza: una hakika gani kwamba wekundu huo ndio unaoudhania?

Nauliza kwa sababu fangasi wanaotoa nyekundu ni wengi. Msumbufu mkubwa ni Fusarium. Huyu huingia kirahisi kwenye doa lililozeeka, hukua haraka kuliko Cercospora, na kwenye agari ya viazi anaweza kukupa pinki, zambarau, hata damu ya mzee. Kama sahani yako ilijaa ndani ya siku chache, anza kushuku, maana Cercospora ni mzito wa kukua. Na usitegemee sana ile tofauti ya dirishani na kabatini. Ni dalili nzuri, lakini Fusarium naye ana rangi ya machungwa ya jamii ya karotini ambayo huzidi akipata mwanga.

Kwa hiyo anza na DNA kidogo. Kipande cha ITS, ambacho karibu kila maabara hukisoma kwanza, kitatosha kukuambia kama una Cercospora au una mgeni. Hakitatosha kukuambia ni Cercospora yupi, kwa sababu spishi nyingi za jenasi hii zinafanana mno kwenye kipande hicho. Ongeza vipande vya jeni za aktini, kalmodulini, histoni H3 na TEF1. Hizo ni PCR za kawaida, yaani kukinakili kipande kimoja cha DNA mara nyingi mpaka kisomeke, gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na jenomu, na mtahini yeyote makini atakuuliza kuhusu hizo kabla hajafika ukurasa wa kumi.

Kisha ipime rangi yenyewe. Ukiwa na Cercospora, ninayemshuku ni serkosporini, rangi nyekundu inayotolewa na fangasi wengi wa jenasi hii. Chukua kitoboa vizibo, kata vipande vya agari vyenye ukubwa mmoja kutoka sehemu ileile ya kila sahani, vitumbukize kwenye potasiamu haidroksaidi (KOH) ya nguvu ya 5 N, uviache gizani kwa saa nne. Serkosporini ni nyekundu kwenye asidi na kijani kwenye alkali. Rangi za Fusarium hazifanyi hivyo: bikaverini hutoka nyekundu ikaenda kwenye zambarau na buluu, na aurofusarini, iliyo ya njano kwenye asidi, ndiyo kwanza inakuwa nyekundu kwenye alkali. Ukiona kijani, peleka kimiminika hicho kwenye spektrofotometa, soma kwenye nanomita 480, na sasa una namba ya kulinganisha sahani moja na nyingine. Fanya kazi hii mbali na dirisha, kwa kuwa mwanga huiharibu rangi yenyewe. Na vaa glavu na miwani. Alkali ya nguvu hiyo haina mzaha na macho. Baadaye, kwa ajili ya tasnifu, utahitaji kromatografia, ya kuzitenganisha molekuli, na spektrometa ya masi, ya kuzipima uzito. Uzito wa molekuli ya serkosporini ni takriban 534.5, na fomula yake ni C29H26O10.

Naomba nikae kidogo kwenye kemia hii, maana ndiyo itakayokuongoza kwenye jeni. Serkosporini ilitengwa mwaka 1957 na Wajapani wawili, Kuyama na Tamura, kutoka kwa Cercospora kikuchii, fangasi anayezitia mbegu za soya rangi ya zambarau. Kwa miaka mingi ilitazamwa kama rangi tu. Mwaka 1982 Margaret Daub, nchini Marekani, akifanya kazi na seli za tumbaku, alionyesha kwamba ni sumu inayoamshwa na mwanga. Molekuli hunyonya nishati ya mwanga na kuihamishia kwenye oksijeni iliyo jirani. Oksijeni hiyo inageuka kuwa ya aina kali iitwayo singleti, na superoksidi huzalishwa pia. Zote mbili hushambulia mafuta ya utando wa seli. Utando unavuja, sukari na chumvi zinamwagika kwenye nafasi zilizo kati ya seli, na fangasi, ambaye nyuzi zake zinapita hukohuko, anapata chakula chake.

Hapo utajiuliza, mbona sumu hiyo haimuui yeye mwenyewe? Oksijeni ya aina hiyo haichagui utando wa nani. Watafiti waliokuwa wakitafuta jibu walitengeneza fangasi waliopoteza kinga dhidi ya serkosporini, wakatafuta jeni inayoirudisha. Waliyoipata wakaiita SOR1. Ilipofika mwaka 1999 ikabainika kwamba ni jeni ya kutengeneza vitamini B6, ambayo haikuwa ikijulikana kama kinga ya namna hiyo: vitamini hiyo huizima oksijeni ya singleti. Yaani watu walikwenda kutafuta siri ya sumu wakarudi na habari mpya kuhusu vitamini. Mimi huwapa wanafunzi kisa hiki kwa sababu moja zaidi. Jeni hiyo haikai pamoja na jeni zinazotengeneza rangi. Ukijifungia kwenye kundi moja la jeni kwa kuwa programu imelipaka rangi kwenye skrini, vitu kama hivi vitakupita.

Na kwa kuwa majani yako yametoka vihambani, jambo moja la pembeni. Ugonjwa huu unajulikana kuwa mkali zaidi kwenye miche ya kitalu isiyo na kivuli na kwenye mibuni yenye upungufu wa naitrojeni. Chini ya migomba na mringaringa hali huwa afadhali. Inashawishi kuandika kwamba kivuli kinasaidia kwa sababu sumu inahitaji jua. Huenda ni kweli. Lakini mbuni ulio juani bila mbolea umechoka kwa sababu nyingi nyingine, na kutazama shambani peke yake hakuwezi kuzitenganisha. Ukitaka kulisema hilo, lifanyie jaribio.

Sasa jeni. Serkosporini hujengwa kama poliketidi nyingi za fangasi: kimeng'enya kimoja kikubwa huunganisha vipande vidogo vya kaboni kuwa mnyororo, huukunja, kisha vimeng'enya vingine huupamba mnyororo huo kwa oksijeni na vikundi vya methili mpaka molekuli ikamilike. Maabara ya Kuang-Ren Chung huko Florida ndiyo iliyokifichua kimeng'enya hicho kikubwa katika Cercospora nicotianae, fangasi wa tumbaku. Walianza na fangasi waliovurugwa jeni kwa kuingizwa kipande kigeni cha DNA popote pale, wakawachagua waliopoteza rangi, wakafuatilia kipande hicho kimeangukia wapi. Mwaka 2005 walichapisha jeni waliyoiita CTB1. Mwaka 2007 ikafuata habari kwamba majirani zake kwenye kromosomu nao wamo kazini, CTB2 hadi CTB8. CTB4 ni jeni ya protini inayosafirisha vitu kupitia utando. CTB8 haijengi chochote. Inaamrisha nyingine, na ukiifuta kundi zima linazimika. Nyingi kati ya zilizobaki ni za vimeng'enya vya kuongeza oksijeni au methili. Kisha mwaka 2018 timu nyingine, ikitumia jenomu ya Cercospora beticola wa viazisukari, ikaonyesha kwamba kundi ni pana kuliko zile nane za mwanzo, na kwamba baadhi ya fangasi wa jenasi ya Colletotrichum wana kundi kama hilo pia. Najua mtu wa Moshi akisikia Colletotrichum anawaza chule buni, ule ugonjwa wa matunda ya kahawa, moja kwa moja. Aliyepimwa akakutwa na serkosporini alikuwa spishi nyingine, Colletotrichum fioriniae, kwa hiyo usilibebeshe chule buni jambo hilo.

Unaona tayari una bahati ambayo watu wa 2005 hawakuwa nayo. Huendi porini bila ramani. Jeni za fangasi zinazoshirikiana kutengeneza rangi au sumu mara nyingi hukaa bega kwa bega, na mpangilio wa hizi unajulikana. Jenomu ya Cercospora si kubwa. Ile ya beticola ni takriban herufi milioni 37. Ukiisoma yako, ipitishe kwenye antiSMASH ya fangasi, programu inayotafuta makundi ya jeni kama haya, kisha chukua protini za CTB zilizochapishwa uzitafute kwa BLAST, programu ya kulinganisha mifuatano. Kama fangasi wako ana kundi hilo, utalipata kwa mchana mmoja.

Mtego wa kwanza uko hapohapo. Programu itakuletea makundi mengi ya poliketidi, na moja litafanana na CTB1 kiasi cha kukudanganya. Hilo ni la melanini, ile rangi nyeusi ya nyuzi na spora. Vimeng'enya vya melanini na vya serkosporini ni vya ukoo mmoja, kwa hiyo mtu anayetafuta kwa praima (vipande vifupi vya kuanzishia PCR) za jumla za poliketidi anaweza kukamata melanini akashangilia. Angalia majirani. Ukikuta karibu yake jeni za kupunguza na kuondoa maji kwenye skitaloni, molekuli ya njiani katika ujenzi wa melanini, uko kwa melanini. Melanini nayo ni somo zuri, tena lina kisa ninachokipenda: fangasi wa ukungu wa mpunga, Magnaporthe oryzae, alipovurugwa jeni zake alitoa makoloni ya rangi tatu, nyeupe, waridi na kahawia hafifu, na kila rangi ilionyesha hatua mojawapo ya ujenzi wa melanini iliyokatika. Jeni zikaitwa ALB1, RSY1 na BUF1. Rangi ilikuwa imewafanyia watafiti nusu ya kazi. Lakini sicho ulichoulizwa na msimamizi wako.

Mtego wa pili ni mkubwa zaidi, na huu ndio ninaotaka uuelewe vizuri, kwa sababu ndio unaomjibu mwenzako. Kuwa na kundi la jeni si sawa na kutengeneza rangi. Mfano uko kwenye mahindi, tena mahindi ya bara letu. Madoa ya kijivu ya majani ya mahindi Marekani husababishwa zaidi na Cercospora zeae-maydis, na huku Afrika na ndugu yake, Cercospora zeina. Wa Marekani ukimweka kwenye sahani na mwanga anatoa rangi. Wa kwetu hatoi. Watafiti wa Afrika Kusini walipoisoma jenomu ya zeina walilikuta kundi la CTB limekaa mahali pake. Programu yoyote ingeandika: huyu anatengeneza serkosporini. Walipolisoma herufi kwa herufi, wakaona CTB7 ina vipande vilivyochomekwa na vingine vilivyodondoka. Hawakuishia kusema "bila shaka ndiyo sababu". Walichukua CTB7 nzima kutoka kwa zeae-maydis, wakaiingiza kwa zeina kwa kutumia bakteria Agrobacterium, wakamkuza kwenye mwanga na chakula chenye naitrojeni kidogo. Mmoja wa waliobadilishwa akatoa rangi nyekundu. Nayo hawakuiamini kwa macho. Waliipitisha kwenye KOH, kromatografia na spektrometa ya masi mpaka ikathibitika ni serkosporini. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2017. Kama kuna makala moja tu utakayoisoma mara mbili kabla ya kuandika pendekezo lako, isome hiyo. Zeina huwa anatoa madoa makubwa shambani ingawa sahanini hana rangi, kwa hiyo waandishi wenyewe waliacha wazi uwezekano kwamba ndani ya jani anatengeneza kitu kinachofanana na serkosporini lakini si yenyewe.

Kutokana na hilo, ushauri wangu kuhusu hela yako ni huu. Usisome jenomu za fangasi wekundu wanne wanaofanana. Soma mmoja mwekundu vizuri, kwa vipande virefu na vifupi vya DNA pamoja, upate jenomu safi ya kutegemea. Kisha rudi kwenye mkusanyo wako utafute wasio na rangi hata wakikaa dirishani. Nchini Brazil, C. coffeicola wa mashamba mbalimbali wameonekana kutofautiana katika kiasi cha serkosporini wanachotoa, kwa hiyo si ajabu nawe ukawapata weupe kati ya Kibosho na vitalu vya mjini. Hao wasome kwa vipande vifupi tu, ambavyo ni rahisi, ulinganishe kundi la CTB neno kwa neno. Ukimkosa mweupe wa asili, mtengeneze: spora au vipande vya nyuzi chini ya taa ya UV, kisha chagua makoloni yasiyo na rangi. Watafiti wa C. kikuchii walifanya hivyo miaka ya mwanzo ya 1990. UV hugusa jeni nyingi kwa mpigo, kwa hiyo mmoja hatoshi. Ukiwa na weupe kadhaa waliopatikana kila mmoja peke yake, na wote wameharibika kwenye jeni ileile, unaanza kuwa na hoja.

Sambamba na hapo pima RNA, inayoonyesha jeni zipi zinafanya kazi. Linganisha fangasi wa mwangani na wa gizani, angalau nakala tatu tatu, kila nakala kutoka sahani yake. Wengi hukosea muda. Wanasubiri sahani iwe nyekundu kabisa ndipo wavune, na kufikia hapo jeni za ujenzi huenda zimeshapungua kufanya kazi. Vuna pale rangi inapoanza tu kuonekana, na siku moja kabla yake. Halafu kumbuka mwanga unaamsha mambo mengi kwa fangasi yasiyohusiana na rangi. Ongeza tofauti ya pili, naitrojeni nyingi na naitrojeni kidogo, kisha tafuta jeni zinazopanda pale tu rangi inapopanda, kwa vyovyote vile ilivyochochewa. Kama hela ya kusoma RNA yote haipo, qPCR, yaani PCR inayopima jeni moja moja inafanya kazi kiasi gani, ya CTB1 na CTB8 pamoja na jeni mbili za kulinganishia itakusogeza mbali.

Hapo utakuwa na jeni zilizopo mahali panapofaa, zinazoamka wakati unaofaa, na zilizoharibika kwa wasio na rangi. Wengi huandika tasnifu hapo na kuiita "utambuzi". Mimi ningeita ushahidi wa mazingira. Fundi umeme anayetaka kujua waya upi unawasha taa ya sebuleni huukata mmoja, taa ikizima anauunga tena aone inawaka. Akikata tu bila kuunga, hajui kama hakuzima nyumba nzima. Kwako, kukata ni kuiondoa CTB1 na kuweka mahali pake jeni ya kustahimili dawa ya haigromisini, ukiwa umeipa pande zote mbili kipande cha takriban herufi elfu moja cha DNA ya jirani ili fangasi mwenyewe abadilishane. Unaweza kuiingiza kwa Agrobacterium au kwa protoplasti, yaani seli zilizovuliwa kuta. Kuunga ni kuirudisha jeni nzima ukitumia alama nyingine ya dawa, mfano jenetisini.

Mambo matatu hapa huwaangusha watu. La kwanza, DNA mara nyingi huangukia mahali pengine badala ya pale ulipopalenga, kwa hiyo koloni linalostahimili dawa halijathibitisha kitu. Pima kwa PCR pande zote mbili za kiungo, na hakikisha jeni ya asili haipo tena. La pili, nyuzi zina viini vingi, vingine vimebadilika na vingine bado. Spora moja ya Cercospora nayo ina seli kadhaa. Hamisha ncha za nyuzi kwenye agari yenye dawa mara kadhaa mpaka jeni ya zamani isionekane kabisa. La tatu ndilo linalonikera ninaposahihisha kazi za watu: fangasi mgonjwa hupoteza rangi. Kama uliyemkata anakua nusu ya kasi ya mzazi wake, weupe wake unaweza kuwa udhaifu tu. Pima kipenyo cha koloni kila siku, pima spora, na uweke namba hizo kwenye jedwali moja na namba za rangi. CTB1 ikikatwa sawasawa, koloni linatakiwa kukua vizuri huku likikosa wekundu.

Kwenye majani nako usiruke. Katika C. nicotianae waliokatwa CTB1 walitoa madoa machache na madogo kwenye tumbaku, lakini walitoa. Hivyo usitarajie jani safi kabisa. Pulizia miche ya kahawa ya umri mmoja, mingine ikae kwenye mwanga mkali, mingine kwenye kivuli, kwa fangasi mzazi, aliyekatwa na aliyeungwa. Kama sumu ya mwanga ndiyo inayofanya kazi, tofauti kati ya mzazi na aliyekatwa inapaswa kuwa kubwa mwangani na ndogo kivulini. Jaribio hilo litakujibu pia lile suala la migomba na mringaringa, angalau kwa sehemu.

Kuhusu vibali, usingoje mpaka fangasi aliyebadilishwa awe tayari ndani ya friji. Kazi ya kubadilisha jeni iko chini ya kanuni za usalama wa bioteknolojia za mwaka 2009, zilizotungwa kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na chuo chako kinapaswa kukuelekeza namna ya kuomba. Majaribio ya miche yafanyike ndani, kwenye chumba kilichofungwa, kamwe si kitaluni. Ukitaka kumpeleka fangasi akiwa hai nje ya nchi, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu makao yake yako hapohapo Ngaramtoni. Nenda ukaulize ana kwa ana, utaokoa barua nyingi. DNA iliyokwisha kusafishwa ni jambo jepesi zaidi, lakini uliza hilo pia.

Je, mwanafunzi wa uzamili ataweza yote haya? Nadhani hapana, na msimamizi wako anajua hivyo. Utambulisho wa fangasi, KOH, jenomu moja nzuri, weupe wawili au watatu, na qPCR ni shahada kamili, mradi usiandike kwamba umethibitisha kazi ya jeni. Andika kwamba umelipata kundi na umeonyesha uhusiano wake na rangi. Kukata na kuunga ni mwanzo mzuri wa uzamivu. Ila kama msimamizi anasisitiza jeni moja ithibitishwe ndani ya muda huu, mwombe iwe CTB1 au CTB8, usichague nyingine. CTB1 kwa kuwa bila hiyo hakuna mnyororo wa kuanzia, CTB8 kwa kuwa inazima kundi zima. Ukikata jeni ya katikati, fangasi anaweza kujaza molekuli isiyokamilika yenye rangi yake nyingine, nawe ukapoteza miezi ukitafuta kujua ni kitu gani.

Kuna jambo la wiki hii, halisubiri pendekezo wala fedha. Fangasi hawa wakihamishwa sahani hadi sahani mara nyingi, rangi huelekea kufifia, na spora nazo hupungua. Chukua sahani zako changa zenye wekundu, kata vipande vya ukingoni, vihifadhi kwenye gliserini ndani ya friji ya nyuzi 80 chini ya sifuri, na nakala nyingine kwenye karatasi kavu ya kuchujia. Andika kwenye kila kichupa kijiji, tarehe ya kuchuma jani na imehamishwa mara ngapi. Kisha fanya KOH kwenye vilivyobaki, na ukishapata kijani au usipokipata, niandikie tena ukiwa na picha za vichupa vyote vya KOH, vya dirishani na vya kabatini, vikiwa vimesimama pamoja mbele ya karatasi nyeupe.